Chawa wa Kidato cha Nne

Kwa miaka mitatu mizima, na hili naliandika bila haya kwa sababu haya zangu zote niliziacha kwenye benchi la dispensari, niliamini kwamba chawa ni jasho la ubongo.

Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji. Aliyenifundisha ni Mzee Okoth, bawabu wa ghala moja mjini, ambaye nilisoma naye masomo ya jioni hapa Kaloleni, Kisumu, watu wazima sitini na vitabu sita. Alinieleza hivi: mtu akifikiri sana, ubongo unapata moto kama injini. Moto unatoa jasho. Jasho linapanda kwenye mashina ya nywele, linachungulia nje, na likipigwa na upepo wa ziwa linaganda, linaota miguu sita, linakuwa chawa.

"Ndiyo maana," akamalizia, akijikuna nyuma ya sikio kwa heshima kubwa, "huwezi kuona chawa kwa mtu mjinga."

Na ushahidi ulikuwepo! Sisi watatu wa benchi la mbele, yaani mimi, Mzee Okoth na mama mmoja muuza mitumba, tulibanana juu ya kitabu kimoja cha jiografia mpaka ramani ya Afrika ikaanza kufutika kwa pumzi zetu, na tulijikuna kuanzia Januari hadi Novemba. Wale wa benchi la nyuma, waliokuja kusinzia, vichwa vyao vilikuwa vitulivu kama mawe ya Kisian. Sasa wewe niambie, ungeamua nini? Nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na moja, nilipanda jukwaani kuchukua cheti nikijikuna kwa mkono wa kushoto, na moyoni nikasema hawa ni wangu, nimewatolea jasho.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayesoma huku mkono mmoja uko kichwani. Endelea kujikuna, nitakungoja. Sina sayansi ya kukupa. Nina mwaka mmoja tu wa kukueleza, mwaka ambao chawa walikaa nyumbani kwetu muda mrefu kuliko wageni wote tuliowahi kupata, na hata wao sio waliotuumiza zaidi. Kilichotuumiza ni kwamba binti yetu Akinyi, mwenye mtihani wa Gredi ya Sita mbele yake, aliacha kabisa kufungua kitabu. Na aliyemfanya aache ni mimi.

Ilianza na mvua za masika. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kusaga unga huko Kisian, kwa hiyo narudi nyumbani kila jioni nikiwa mweupe kuanzia kope hadi viatu. Tangu nianze shule nilikuwa nimefuga nywele na kuzipasua njia upande mmoja, kama wale mawakili wa picha za zamani, na unga ulikuwa umehamia humo ukajenga. Kabla jua halijazama, mimi na Akinyi tunakaa kwenye ngazi ya mlango, kitabu kimoja kikiwa magotini mwetu, nusu kwake na nusu kwangu, na tunasoma. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimesubiri miaka arobaini kumsomea mtu kitabu bila kuruka maneno.

Jumamosi moja mke wangu, Mama Akinyi, alikuwa anamfumua mtoto mistari ili amsuke upya. Nikasikia ukelele.

"Baba Akinyi! Njoo hapa!"

"Kuna nini?"

"Mtoto ana chawa!"

Nikaja mbio, na Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu. "Wangapi?"

"Wangapi? Unataka niite majina?"

"Mama Akinyi, usipige kelele. Hii ni dalili nzuri. Huyu mtoto atakuwa daktari."

"Huyu mtoto ana wadudu."

"Wadudu wa akili."

Akaniangalia kwa muda mrefu, kitana mkononi, kama mtu anayehesabu miaka ya ndoa. Akinyi, aliyekuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti ya mama yake, akauliza taratibu, "Baba, ni kwa sababu ninasoma?"

"Ni kwa sababu unasoma, nyathina," nikamwambia. Nyathina kwa Dholuo ni mwanangu. Nilimwambia kwa mapenzi yote, kwa mdomo wangu huu huu. Laiti siku hiyo ningekuwa na chapati mdomoni.

Basi tukaanza matibabu, na nitayataja kwa majina ya wiki zake kwa sababu ndivyo tulivyohesabu siku mwaka huo.

Kwanza ilikuja wiki ya mafuta ya taa. Hiyo ilikuwa akili yangu. Mtu wa hapo sokoni aliniambia chawa hawawezi kustahimili harufu, nami nikawaza, hata mimi siwezi kustahimili, sembuse chawa. Nikampaka mtoto, nikamfunga kitambaa, nikamwambia avumilie kama mwanafunzi. Tafadhali, popote ulipo, usifanye hivyo. Mtoto alilia mpaka majirani wakatoka nje. Mama Akinyi alimchukua mzobemzobe hadi kwenye mfereji wa plotini akamsuuza kichwa, na maji yalipokauka ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa. Nyuma ya masikio kukawa vidonda. Shingoni tezi zikavimba, ukizigusa zinateleza kama maharagwe. Alilala ameketi siku nne, kwa sababu kila upande wa kichwa ulikuwa unauma.

Chawa? Walikuwepo. Nafikiri walipata mafua kidogo.

Mama Akinyi hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alifunga nguo kwenye mkoba, akamshika mtoto mkono, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, akaenda naye kwa mama yake, kijijini Katito. Mlangoni akasema maneno machache tu: "Wewe baki hapa na akili zako."

Nikabaki na redio, na sufuria moja ya sukuma wiki niliyoipika Jumatatu na kuipasha moto hadi Alhamisi. Nikabaki pia najikuna, lakini hilo sikulitilia maanani. Nilijua ni mabaki ya kidato cha nne.

Wiki ya Katito ndiyo ningependa uisikilize vizuri, maana jibu la shida yetu yote lilikuwa limekaa pale barazani na hatukuliona.

Nilikwenda kuwachukua shule zilipokaribia kufunguliwa. Mama mkwe wangu ni mwanamke ambaye kama angezaliwa mwanamume angekuwa mkuu wa wilaya. Alikuwa amemnyoa Akinyi kipara. Mtoto aliponiona alifunika kichwa kwa mikono miwili. Masikio yake, ambayo sikuwahi kujua ni makubwa kiasi hicho, yalitokeza kama mipini ya nyungu. Halafu bibi yake akawa amemkagua mke wangu, akawakagua wajukuu wengine wote, na nasadiki aliwakagua hata kuku. Kila kichwa kilipitia katikati ya magoti yake, kitana cha meno ya kubana kikifanya kazi.

Kila kichwa isipokuwa changu.

Kwetu mama mkwe ni maro, na kati ya mtu na maro wake kuna heshima isiyo na mjadala. Hatupeani mkono ovyo. Mimi nakaa kwenye kiti karibu na mlango, yeye anakaa upande wa pili, na tunaangalia vitu viwili tofauti. Kushika kichwa changu? Heri ashike waya wa stima. Hata kusema nami moja kwa moja kuhusu kichwa changu ilikuwa vigumu, kwa hiyo alipitia kwa binti yake, na mimi nikiwa hapo hapo, hatua nne tu.

"Mwambie Baba Akinyi," akasema huku akimtazama ng'ombe, "naye aangaliwe kichwa."

"Mama anasema uangaliwe kichwa," mke wangu akasema.

"Mwambie Mama nashukuru sana," nikasema nikiutazama mlango. "Mwambie wangu ni wa shule, na shule nimemaliza. Watakwisha wenyewe."

"Anasema ni wa shule."

Ng'ombe akatafuna.

"Mwambie," mama mkwe akasema, "mimi nimeona chawa miaka sitini, na hakuna hata mmoja aliyebeba mkoba."

Wanawake wote wakacheka mpaka mmoja akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Mimi nikarekebisha kofia yangu. Na hivyo ndivyo heshima, ambayo ni kitu kizuri na bado naifuata, ilivyonipitisha salama na mzigo wangu wote hadi Kaloleni.

Muhula wa pili ukaanza. Akinyi alirudi shule na kipara, akaitwa majina, akalia siku mbili, kisha akazoea kama watoto wanavyozoea. Nywele zikaanza kurudi, fupi na laini kama brashi mpya. Tukarudi kwenye ngazi yetu ya mlango. Wiki tatu nzuri. Alikuwa anasoma hadithi ndefu bila kusimama, na neno likimshinda ananisukuma kwa bega, mimi nainama karibu naye, tunalitegua pamoja.

Wiki ya nne mkono wake ukapanda kichwani.

Mama Akinyi alipogeuza nywele zile fupi na kuona kitu kinatembea, hakupiga ukelele. Aliketi sakafuni. Akalia kama mtu aliyefagia uwanja mzima, kisha upepo ukaja. Tulikuwa tumechemsha mashuka mpaka yakapoteza rangi. Tulikuwa tumeanika godoro juani mara nyingi hivi kwamba watoto wa jirani walidhani ni lao la kuchezea. Tuliweka siki, nyumba ikanuka kachumbari. Tuliponda mwarobaini, nyumba ikanuka malaria. Jirani mmoja alikuwa ameacha kumruhusu binti yake aje kuchota maji na wetu. Mke wangu alikuwa ameanza kuvaa kilemba hata akilala, na mimi na yeye tulikuwa tunaongea kama watu wa ofisi mbili: habari ya asubuhi, chai iko wapi, kwaheri.

Hapo ndipo mimi, msomi, nikapiga hesabu zangu. Mtoto amenyolewa, na bado wamerudi. Kwa hiyo hawatoki nje. Akiwa Katito hakusoma, hawakuwepo. Akiwa hapa anasoma, wapo. Ungefanya nini na ushahidi kama huo? Ningekuwa na ubao ningeuchora.

"Kuanzia leo," nikatangaza, "Akinyi hasomi nyumbani. Kichwa kipoe."

"Na mtihani?" mke wangu akauliza.

"Kwanza kichwa."

Nikamwekea kitambaa kibichi kipajini. Nikamlisha tikiti maji mpaka akawa anaenda haja kila nusu saa. Mama Akinyi aliendelea kumchana kila siku ya pili, kimyakimya, kwa kitana alichopewa na mama yake. Na unajua kilichotokea? Chawa wakaisha! Siku kumi, kichwa kikawa safi kama sahani ya harusi. Nilitembea Kaloleni nzima nikiwa nimevimba. Nilimwambia hata mtu aliyekuja kusaga mtama.

Sikuona kilichokuwa kinakwisha pamoja na chawa. Akinyi alianza kukaa mbali na mkoba wake. Ukiweka gazeti mezani, anageuza uso. Siku moja kanisani walimwita asome mistari miwili, mtoto aliyekuwa akisoma kama mtangazaji, akasimama pale mbele, akaufunika ukurasa kwa kiganja, akarudi kuketi. Nikadhani ni haya za umri.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, mwalimu wake wa darasa akaniita. Nikaenda na unga wangu nikasimama mbele ya meza yake.

"Baba Akinyi, keti. Mtoto wako hasomi."

"Nilimpumzisha kidogo, madam. Kwa sababu za kiafya."

"Hebu nikueleze. Siyo yeye peke yake. Nina watoto watano katika darasa langu wanakataa kusoma. Mmoja nikisoma kwa sauti anaziba masikio. Nimewauliza, wananiambia Akinyi amesema ukisoma sana unaota chawa, baba yake amehitimu na anajua."

Nikakohoa. Unga ukatoka.

"Chawa ni uchafu wa nyumbani," mwalimu akasema. "Ogesha mtoto."

Uchafu! Mimi! Mke wangu anafua hata kamba ya kuanikia! Nilitoka pale nimekasirika hivi kwamba nilisahau kabisa kilichonileta. Lakini jioni nilimwita Akinyi, nikamwambia sasa unaweza kusoma, nusu saa tu, mimi nitakaa nawe. Alisoma kwa sababu mimi ndiye niliyesema, kurasa mbili kila jioni, na baada ya wiki mbili akaja jikoni kwa mama yake akasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Mama, wamerudi. Niliwaambia."

Akafunga kitabu cha Kiswahili, akakisukuma chini ya kabati kwa mguu. Mtihani ulikuwa mwezi ujao. Shule nayo ikatuma ujumbe kwamba asirudi bila barua ya dispensari.

Tulikwenda watatu, Jumatatu, mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza. Kama hujawahi kungoja kwenye benchi la dispensari kwa sababu ya chawa, nikuambie: watu wenye homa wanaonewa huruma, wenye kikohozi wanapewa nafasi ya dirishani, lakini wewe ukiulizwa unaumwa nini, na mtoto wako akajibu kabla hujadanganya, benchi zima linaanza kujikuna. Nakuambia ukweli. Mzee wa kifua alijikuna. Mama mjamzito alijikuna. Mlinzi aliyesimama mlangoni, mita kumi kutoka kwetu, alivua kofia akaikung'uta. Mama mmoja mnene ndiye aliyebaki ameketi karibu na Akinyi. Alitoa ndizi kwenye kikapu, akaivunja nusu, akampa mtoto nusu. Mimi huyo mama ningemtambua hata leo, hata gizani.

Ndani tulimkuta Sista Wanjiru, mwenyeji wa Nyeri ambaye amekaa Kisumu mpaka anasalimia kwa Dholuo kizuri kuliko wajomba zangu. Alimwangalia Akinyi. Akamwangalia mke wangu. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, mzee. Toa kofia."

"Mimi nimemaliza shule, Sista."

"Toa kofia."

Akatandika kitambaa cheupe, akaniinamisha, akapaka mafuta, akapitisha kitana. Kwanza ulidondoka unga. Halafu unga ukaanza kutembea.

Mama Akinyi alisogea akainama juu ya kitambaa. Alikuwa ameona. Mwaka mzima wa kuchemsha mashuka, na wazazi wa ukoo wote wa chawa walikuwa wanalala kwenye mto ule ule na yeye, wamefunikwa unga wa mahindi, hakuna anayeweza kutofautisha yai na chenga. Mimi nikasema kimoyomoyo, kumbe mabaki ya kidato cha nne ni mengi hivi.

Foleni ilikuwa hadi barabarani, kwa hiyo Sista alitupa dawa ya kupaka na maagizo ya haraka, na haya nakupa wewe kama yalivyo kwa sababu ndiyo yaliyotuponya. Nyumba nzima mnatibiwa siku moja, mwenye kujikuna na asiyejikuna. Dawa mnarudia baada ya wiki, kwa sababu mayai yaliyobaki yanaanguliwa. Katikati, nywele zikiwa zimelowa na mafuta mengi, mnachanana fungu kwa fungu, tangu ngozini hadi ncha, kila siku ya tatu, mnafuta kitana kwenye kitambaa cheupe mpaka kipite mara nyingi bila kutoa kitu. Foronya na vilemba maji moto na jua. Godoro liache, halina kosa. Kunyoa ukitaka, si lazima. Mafuta ya taa kamwe. Hapo aligusa kovu nyuma ya sikio la Akinyi, akaniangalia, nami nikaangalia dari.

Akinyi alikataa kunyolewa tena. Mimi nilinyoa. Ile njia yangu ya wakili ilianguka sakafuni kwa kinyozi, na chini yake kikatokea kichwa chenye umbo ambalo sikulitarajia, kirefu nyuma kama embe dodo. Jioni hiyo nilipoingia, Mama Akinyi alinitazama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika, na mimi nikageuka ubavu ili aone embe vizuri.

Wiki mbili hizo ndizo nzuri ninazozikumbuka. Mvua juu ya mabati saa kumi na moja, sisi watatu tumeketi kwa mstari jikoni, kitambaa cheupe magotini, mmoja anamchana mwenzake. Mama Akinyi alinipaka mafuta kwenye upara usiohitaji kupakwa. Tuliongea. Tuliambiana mambo ya mwaka mzima. Siku ya sita kitambaa kilitoa wawili. Siku ya tisa, mmoja, mdogo, amechoka. Siku ya kumi na mbili, hakuna.

Lakini kitabu kiliendelea kukaa chini ya kabati. Nilimwambia Akinyi soma sasa, akaniangalia kama ninayemwambia aingie ziwani na mamba. "Baba, ndiyo kwanza wametoka," akasema. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele.

Siku ya marudio dispensari ilikuwa na watu wachache kwa sababu ya mvua. Sista Wanjiru alituchana wote, akainua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe. Akaandika barua ya shule, akagonga muhuri.

"Haya, Akinyi. Rudi kwa vitabu. Si mko na mtihani?"

Mtoto akaangalia viatu vyake. "Nikisoma watarudi."

"Nani amekuambia?"

Akinyi hakunitaja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kila kitu cha mwaka ule. Aligeuza macho yake taratibu akayaweka ukutani, ili asinitaje.

"Ni mimi, Sista," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamweleza yote: injini, jasho, upepo wa ziwa, benchi la mbele na benchi la nyuma, kipara cha Katito, tikiti maji. Nilieleza kwa mikono. Nilieleza vizuri, hata leo naona nilieleza vizuri. Sista hakunikatiza. Nilipomaliza akaweka kalamu chini.

"Mlikuwa mnasoma namna gani, wewe na yeye? Hebu nionyesheni."

Hatukuwa na kitabu. Akatupa kijitabu cha akina mama wanaonyonyesha. Tukakaa kwenye kitanda cha kupimia, kijitabu magotini, nusu kwake na nusu kwangu. Mimi nikainama, yeye akainama, kichwa changu kikaegemea chake kama tulivyozoea, nami nikaanza kusoma kwa sauti, "Maziwa ya mama ni chakula bora…"

"Hapo hapo," Sista akasema. "Msisogee."

Tukabaki hivyo, panja kwa panja. Nikamwona Mama Akinyi akiweka mkono mdomoni.

"Na kwenye hilo benchi la mbele, watatu na kitabu kimoja, mlikaa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, Sista."

"Baba Akinyi, chawa hawatoki ndani ya kichwa. Hawajui nani ana akili na nani hana, wala nani ni msafi na nani ni mchafu. Wanatembea tu, wanatoka kichwa kimoja wanaingia kingine vichwa vikigusana. Uliwatoa darasani ukamletea mtoto, na kila akipona ulimletea tena." Kisha akainama mpaka macho yake yakalingana na ya Akinyi. "Na wewe, mama, kusoma hakuleti chawa. Chawa wanazaliwa na chawa. Soma."

Akinyi akanisukuma kwa bega nisogee, akakivuta kijitabu magotini mwake, akaendelea kusoma pale nilipoishia.